Mzazi amehama na deni la ada ya malezi: nidai wapi, na kwa nini ada hii hulipwa mwisho?

Mlezi wa Tabata

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mlezi niliyejiajiri, ninalea watoto wadogo nyumbani kwangu hapa Tabata. Wengi wao huletwa wakiwa na miezi mitatu au minne, kwa sababu mama zao wanarudi kazini likizo ya uzazi ya siku 84 inapokwisha. Ada yangu ni shilingi 60,000 kwa mwezi, uji na chakula cha mchana vikiwemo, na pampasi mzazi analeta mwenyewe.

Kwa sasa ninawadai wazazi watatu. Wa kwanza amehamia Chanika akiwa na deni la shilingi 240,000. Ujumbe anausoma na hajibu. Wa pili bado ananiletea mtoto kila asubuhi, na kila Ijumaa ana sababu mpya. Wa tatu ananiambia nimdai mume wake, naye mume anasema hajawahi kukubaliana nami jambo lolote.

Ninavyoona mimi, wazazi hawa fedha wanazo. Umeme wa LUKU wanalipia kabla ya kuutumia, kodi ya nyumba wanalipa kwa miezi mingi mbele, lakini mlezi wa mtoto anawekwa mkiani kwa sababu anaonekana ni jirani anayesaidia, si mtu anayefanya kazi. Mtoto anashinda kwangu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku, na mchele ninaompikia ninaununua kwa fedha taslimu. Naomba kujua kwa wale waliowahi kudai na kulipwa: mlipitia njia gani?

Karani wa Zamani

Pole sana, dada. Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu upande huo tu. Deni la malezi ni deni la mkataba, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kwamba kila makubaliano lazima yaandikwe ndipo yawe na nguvu. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza madai ya deni linalotokana na mkataba mradi kiasi kisizidi shilingi milioni 30, kwa hiyo shilingi 240,000 zinaingia bila shida, shauri linaendeshwa kwa Kiswahili, na huhitaji wakili.

Huyo aliyehamia Chanika asikutie hofu. Shauri linaweza kufunguliwa pale deni lilipotokea, yaani huko kwako, au pale mdaiwa anapoishi. Muda nao upo, kwa sababu Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, ingawa sikushauri usubiri, maana kadiri siku zinavyopita ndivyo mashahidi wanavyohama na simu zinavyopotea. Anza na barua ya madai inayotaja miezi inayodaiwa, kiasi na tarehe ya mwisho ya kulipa, kisha ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea.

Dereva Bajaji Segerea

Dada, mahakama itakuchosha bure. Nenda kituo cha polisi, eleza kwamba umetapeliwa. Akipigiwa simu na askari atalipa siku hiyohiyo. Nimeona kwa macho yangu.

Bi Mkubwa wa Mbagala

Kaka wa Segerea, ushauri huo ni wa hatari. Mtu aliyeletewa huduma akashindwa kulipa ana kesi ya madai, si ya jinai, na kumtisha kwa askari kunaweza kukugeuka wewe uliyeripoti. Mimi nimelea watoto Mbagala tangu wanangu wakiwa wadogo, na fedha yangu nimekuwa nikiipata kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Unaeleza shida, anaitwa mzazi, mnakaa mbele ya mjumbe, mdaiwa anaandika kwa mkono wake kwamba atalipa kiasi fulani kila wiki, na mhuri unagongwa. Wengi hulipa hapo, kwa sababu kuonekana umekaa kwenye benchi la serikali ya mtaa kwa deni la uji wa mwanao ni aibu ambayo mtu anataka iishe mapema.

Mdau wa Ukonga

Naunga mkono hoja ya Bi Mkubwa, ila ningeruka mtaa nikaenda moja kwa moja Baraza la Kata. Lile ni kama mahakama, likiamua limeamua.

Karani wa Zamani

Ndugu wa Ukonga, naomba nisahihishe kidogo. Mabaraza ya Kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985 na kazi yake ya msingi ni kusuluhisha ili watu waishi kwa amani. Hata kwenye ardhi, ambako watu wengi waliyazoea, marekebisho ya mwaka 2021 yaliyaondolea uwezo wa kuamua yakabaki na usuluhishi. Dada akienda huko aende kutafuta maelewano, asiende akitarajia hukumu.

Na kwa Bi Mkubwa: karatasi ya mtaa ni nzuri mno, lakini nayo si hukumu. Mdaiwa akiacha kulipa baada ya wiki ya pili, mwenyekiti hana dalali wa kumtuma akakamate runinga. Thamani ya karatasi ile ni kwamba mdaiwa amekiri deni kwa mkono wake, na mbele ya hakimu hapo mzigo wa ushahidi unakuwa umepungua sana.

Bi Mkubwa wa Mbagala

Nimekuelewa, Karani, na asante. Lakini huyo wa Chanika hatakuja Tabata kuketi kwenye benchi la mwenyekiti asiyemjua tena. Aibu inafanya kazi kwa mtu anayeishi bado mtaani. Kwa hiyo kwa yule wa pili, anayeleta mtoto kila asubuhi, njia yangu itafaa. Kwa aliyehama, labda hiyo ya kwako.

Vitenge Kariakoo

Naomba niseme kama mzazi, kwa sababu uzi huu umejaa walezi na wanasheria. Si kweli kwamba fedha ipo na tunaificha. Mimi nauza vitenge, kipato changu ni cha siku. Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo, tulikaa siku kadhaa bila kuuza hata pisi moja, na bado mtoto alikuwa anakwenda kwa mlezi kwa sababu nilikuwa nahangaika kutafuta pa kuuzia kwingine. Mwisho wa mwezi nikadaiwa ada nzima ambayo sikuwa nayo. Mlezi anayetaka shilingi 60,000 kwa mkupuo kutoka kwa mtu anayepata shilingi elfu kumi leo na elfu mbili kesho anajitengenezea deni mwenyewe. Mlezi wangu wa sasa anapokea shilingi 2,500 kila asubuhi ninapomkabidhi mtoto, na hatujawahi kugombana.

Kimara Mwisho

Dada Vitenge, hoja yako ina ukweli, lakini haiwagusi wote. Mimi pia ni mlezi, na wadaiwa wangu wabaya zaidi wamekuwa watu wa mshahara, wenye vitambulisho vya kazi shingoni. Mshahara ukiingia unakutana na mkopo wa benki, ada ya shule ya mtoto mkubwa, mchango wa harusi na marejesho ya kikoba. Vyote hivyo vina adhabu usipolipa: benki inakata yenyewe, shule inamrudisha mtoto, kikoba kinatoza faini. Mlezi pekee ndiye anayesema «haya, mama, nitasubiri». Hapo ninakubaliana na mleta mada kwamba tunawekwa mkiani, ila sababu si dharau peke yake. Sisi hatuna kitu cha kukata wala cha kufunga.

Ndiyo maana kwangu ada inalipwa kabla ya mwezi kuanza. Anayepata kwa siku analipa kwa siku, anayepata kwa mwezi analipa mwezi mbele.

Baba wa Pacha

Mlipwe mbele, na mtoto akiugua je? Wanangu walilazwa kwa nimonia wakakosa karibu nusu ya mwezi, nikadaiwa ada kamili ya watoto wawili. Nilikataa kulipa nusu iliyobaki na hadi leo mlezi yule anasema mimi ni mdaiwa sugu. Sidhani kama ni haki kuita kila salio deni.

Kimara Mwisho

Kaka, pole kwa kuuguza. Lakini nafasi za watoto wako hazikupewa watoto wengine wakati wamelazwa, na dada anayenisaidia kazi mimi namlipa hata kama watoto wawili hawakuja. Unalipia nafasi na mtu wa kuishikilia. Ninachokubali ni kwamba hilo lisemwe siku ya kwanza, kabla mtoto hajaachwa. Lisiposemwa, kila mmoja ana hesabu yake, na zote zinaonekana sahihi kwa mwenyewe.

Mwenge Mpya

Mimi nauliza kwa uchungu: kwa nini mlezi asimzuie mtoto jioni mpaka mzazi atume fedha? Fundi wa simu hakupi simu hujalipa.

Mlezi wa Tabata

Hapana, ndugu yangu, hilo siwezi na sitalifanya. Mtoto hana deni nami.

Mstaafu wa Ustawi

Namshukuru mleta mada kwa jibu hilo. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kustaafu, na naomba wote walisikie: kumzuia mtoto ili mzazi alipe ni kosa, na kunamgeuza mdai kuwa mtuhumiwa siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu. Vivyo hivyo msimnyime uji mtoto wa mdaiwa wakati wenzake wanakunywa, wala msimtenge. Mlezi anachoweza kufanya ni kukataa kumpokea asubuhi, baada ya kumpa mzazi taarifa ya mapema ili apate mahali pengine.

Kisha nina swali kwa mleta mada, nalo si la kumkwaza. Je, umesajiliwa? Sheria hiyohiyo inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ndiyo pa kuanzia.

Mdau wa Ukonga

Hapo ndipo pagumu. Kama hajasajiliwa, mdaiwa atasimama mahakamani aseme biashara yenyewe haikuwa halali, na deni litakufa.

Karani wa Zamani

Utetezi huo unaweza kutolewa, lakini sikubali kwamba deni linakufa moja kwa moja. Kulea mtoto si kazi haramu. Kilichokosekana ni kibali. Tena Sheria ya Mikataba inamtaka mtu aliyenufaika na kazi ambayo haikukusudiwa kuwa ya bure amfidie aliyeifanya. Mama aliyekwenda kazini kila siku kwa sababu mwanae alikuwa mikononi mwa mlezi amenufaika.

Mstaafu wa Ustawi

Karani, na mimi nasema hakimu mwingine ataona kwamba sharti la usajili liliwekwa kuwalinda watoto, na kumlipa aliyelikwepa ni kulifanya liwe karatasi tupu. Tusimpe dada uhakika ambao hatuna. Ajisajili kwanza, maana hata mzazi anapojua kituo kinatambulika anakuwa na adabu nyingine kwenye malipo.

Vitenge Kariakoo

Mzee, kwa heshima, mlezi wa mtaani mwenye vyumba viwili na watoto sita atayaweza masharti hayo? Tukimwambia ajisajili kwanza ndipo adai haki yake, tumemwambia asidai.

Shoga wa Sinza

Mimi ningemweka yule wa Chanika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, picha na jina na kiasi. Angelipa kabla ya jua kuzama.

Karani wa Zamani

Dada yangu wa Sinza, tafadhali usimfundishe mwenzako njia hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na kumwanika mtu kwa picha na deni lake kunaweza kukufikisha pabaya. Tumeona mikopo ya mtandaoni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na kilio kikubwa cha wananchi kuhusu mikopo ya namna hiyo kilikuwa hikihiki cha kudhalilishwa mbele ya ndugu na marafiki. Malalamiko halali yasije yakakupotezea haki yako.

Shoga wa Sinza

Basi nimeelewa, nafuta ushauri wangu. Lakini mtaniruhusu niseme kwamba anayedaiwa analindwa vizuri kuliko anayedai.

Mlezi wa Tabata

Asanteni nyote. Nijibu mawili. Usajili sina, ila nitaanza kuufuatilia. Pili, sikuwa na mkataba wa maandishi na mzazi yeyote. Nina kaunta buku ambalo kila siku ninaandika jina la mtoto, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na aliyemchukua anatia sahihi. Nina pia ujumbe wa simu. Wa yule wa Chanika unasomeka hivi: «Dada naomba univumilie hadi Ijumaa, nitatoa miezi miwili kwa pamoja.» Je, vitu hivi vina maana yoyote mahakamani?

Karani wa Zamani

Vina maana kubwa kuliko unavyodhani. Ujumbe huo umekiri kwamba deni lipo na kwamba limezidi mwezi mmoja. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachoangaliwa ni kama unaaminika. Usiufute, piga picha ya kioo yenye namba na tarehe, uchapishe, na simu yenyewe uilinde. Daftari nalo linaonyesha siku alizokuja mtoto. Ongeza taarifa za M-Pesa za miezi ambayo mzazi alilipa vizuri, kwa sababu zile ndizo zinazothibitisha kwamba bei ilikuwa shilingi 60,000, na si elfu ishirini kama atakavyodai siku hiyo.

Kimara Mwisho

Angalizo moja hapo kwa Karani. Wazazi wengi hutuma fedha kwa namba ya mtu mwingine: ya mdogo wake, ya wakala, ya mfanyakazi mwenzake. Jina linalotokea kwenye ujumbe si la mzazi. Kwangu sasa kila malipo yakiingia ninamjibu mzazi palepale, «nimepokea shilingi 60,000 za mwezi wa tatu za mtoto fulani», naye anaitikia. Ujumbe wake wa «sawa» unamfunga.

Baba wa Pacha

Hamjamjibu kuhusu yule wa tatu, ambaye mume anakataa. Mimi kama mwanaume nasema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake. Amdai baba.

Mdau wa Ukonga

Kaka, wajibu wa baba kwa mtoto ni jambo moja, na mkataba na mlezi ni jingine. Aliyeleta mtoto, akauliza bei na kukubali ni mama. Amdai mama, halafu mama na mume wake wamalizane ndani.

Bi Mkubwa wa Mbagala

Wanangu, katika nyumba nyingi nilizozijua mama ndiye anayekubali na baba ndiye anayetoa, na mlezi anaanguka katikati. Mwingine anatumia deni la mlezi kumkomoa mwenzake: wamegombana, basi ada haitoki. Nimeona mama anafanya kazi mbili ili alipe ada ya mtoto ambaye baba yake ana lori. Kwa hiyo siku hizi siku ya kumpokea mtoto ninataka waje wote wawili, au nizungumze na yule mwingine kwa simu, asikie bei kwa masikio yake.

Karani wa Zamani

Kisheria naelemea upande wa ndugu wa Ukonga, ingawa baba aliyewahi kutuma ada hata mara moja atapata shida kusema hajui lolote. Dada, angalia miezi iliyopita, kama kuna malipo yaliyotoka kwenye namba yake. Kwa msaada wa karibu, nenda kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hapa Dar es Salaam mashirika kama TAWLA na WLAC yanahudumia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili, nao wanaweza hata kukuandikia barua ya madai.

Mama Lishe Buguruni

Mimi nilikwenda Mahakama ya Mwanzo kwa deni la aina hii. Nilishinda, na hakimu akaamuru mama yule alipe kwa awamu. Alilipa awamu za mwanzo kisha akasimama, na kurudi kukazia hukumu, yaani kuomba mahakama imlazimishe alipe, kuligharimu nauli na siku za kazi. Sisemi usiende. Nasema upige hesabu ya siku utakazofunga nyumba, na watoto wa wazazi wanaolipa utawaacha na nani.

Mlezi wa Tabata

Hilo ndilo linaloniuma, kwa kweli. Kwa wa Chanika nitaandika barua ya madai na nitaonana na msaidizi wa kisheria. Kwa wa tatu nitatafuta kwenye simu malipo yaliyotoka kwa mume. Sasa huyu wa pili anayekuja kila asubuhi, nimwambieje bila kugombana naye mlangoni mbele ya mtoto?

Kimara Mwisho

Usimwambie mlangoni. Mwandikie usiku mtoto akiwa ameshalala: «Mama fulani, habari za jioni. Deni la malezi hadi leo ni shilingi kadhaa, za mwezi fulani na fulani. Naomba Jumapili tukubaliane utalipaje kwa awamu. Kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo nitampokea mtoto kwa malipo ya siku, shilingi 2,500 asubuhi, na deni la nyuma litaendelea kulipwa pembeni.» Hapo hujamfukuza, na deni jipya halizaliwi.

Vitenge Kariakoo

Maneno ni mazuri, lakini mzazi huyo Jumatatu atampeleka mtoto kwa mlezi mwingine wa mtaa wa pili, na deni la nyuma atakuwa ameliacha hapo. Mimi ningemwacha aendelee kuja na ningeanza na shilingi 500 ya deni juu ya ada ya kila siku.

Bi Mkubwa wa Mbagala

Akimpeleka mtoto mtaa wa pili, yeye mwenyewe bado anaishi mtaani kwako, mwenyekiti ni yuleyule. Dada, mwandikie, halafu utujulishe hapa amejibu nini.